Senti za 911: jinsi ya kupanga tozo ya laini za simu ili kituo cha dharura kisikauke

Fungua bili ya simu ya mwezi huko Marekani, shuka chini kupita bei ya kifurushi, na kwenye kundi la kodi na ada utakuta mstari mfupi wenye namba 911, namba ya dharura ya nchi hiyo. Mkazi wa Georgia anasoma dola 1.50. Pennsylvania ilipandisha hadi dola 1.95 Machi 2024. Texas ni senti 50 kwa laini ya simu ya mkononi. Mstari huo ndio unaomlipa mtu aliye macho saa tisa usiku kusubiri simu yako.

Mwongozo huu ni wa wale wanaoupanga mstari huo: mjumbe wa bodi ya 911 ya kaunti, mhasibu wake, au mkazi anayeombwa aupigie kura na anataka kujua kama hesabu alizoletewa zina kichwa na miguu.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba tozo hii ilibuniwa kwa ajili ya simu ya waya. Simu ya kwanza ya 911 ilipigwa Haleyville, Alabama, tarehe 16 Februari 1968, na enzi hizo simu ilikuwa kitu cha ukutani: nyumba moja, laini moja, anwani moja, bili moja. Kampuni ya simu ilikuwa na orodha ya kila mlipaji, kwa hiyo kumwongezea senti kadhaa ilikuwa kazi ya dakika mbili. Leo laini iko mfukoni, imenunuliwa dukani bila jina, au inapita kwenye intaneti kutoka ofisi yenye simu 200 za mezani. Karibu kila kasoro utakayoiona hapa chini inatokana na sheria ambayo bado inaota simu ya ukutani.

Anza na gharama

Bodi nyingi huanza kwa kuuliza jirani anatoza ngapi, kisha zinaongeza senti kumi. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Anza na viti.

Kiti kimoja cha mpokea simu kinachokaliwa usiku na mchana, siku 365, ni saa 8,760 kwa mwaka. Mfanyakazi mmoja hulipwa saa 2,080. Toa likizo, siku za kuugua, sikukuu na mafunzo, anabaki na saa kama 1,780 za kukaa kitini. Gawanya: 8,760 kwa 1,780 ni 4.9. Kiti kimoja ni watu watano. Anayekuambia ni watu watatu wa zamu za saa nane amesahau kwamba wiki ina Jumamosi na Jumapili, na kwamba watu huumwa.

Tuchukue kaunti ya mfano yenye watu 60,000 na viti vitatu. Saa 26,280 kugawanya kwa 1,780 ni watu 15. Kwa dola 62,000 kila mmoja, mshahara pamoja na bima na pensheni, hiyo ni 930,000. Ongeza mkuu wa kituo, fundi wa mitambo na mtu wa ramani za anwani, tuseme 240,000 kwa wote watatu. Mikataba ya mwaka (mtambo wa kupokea simu, programu ya kuelekeza magari, mashine ya kurekodi mazungumzo, njia za mtandao, umeme, ukaguzi wa jenereta na betri za akiba, wakalimani wa simu) iwe 330,000. Hadi hapo ni dola milioni 1.5.

Halafu kuna kinachosahaulika: vifaa huzeeka. Mtambo wa dola 900,000 unaodumu miaka sita unakula dola 150,000 kila mwaka hata kama mwaka huu haujanunua chochote. Usipoziweka kando, mwaka wa saba utakwenda kukopa. Jumla sasa ni 1,650,000.

Kuhusu wakalimani: hiki ni kifungu kidogo, lakini kisifutwe wakati wa kubana matumizi. Vituo hulipa kampuni ya ukalimani kwa dakika, na Kiswahili kimo katika lugha zinazopatikana. Anayepiga akitamka "Swahili" mwanzoni kabisa, mpokea simu anajua amuite nani. Miji iliyopokea familia nyingi kutoka Kongo na Burundi ijue kwamba dakika hizo zitaongezeka.

Usijaribu kupunguza watu ili hesabu ikae vizuri. Kipimo kinachotumiwa na chama cha watu wa 911 nchini humo, NENA, ni kwamba asilimia 90 ya simu zipokelewe ndani ya sekunde 15, na asilimia 95 ndani ya sekunde 20. Kiti kikibaki kitupu, ajali moja barabarani inayopigiwa na wapita njia 20 kwa mpigo inatosha kuliangusha lengo hilo kwa saa nzima.

Hesabu laini, na ujue unahesabu nini

Neno la kuandika kwenye sheria ni "muunganisho", yaani chochote kinachoweza kupiga 911 kikapokelewa. Ukiandika "laini ya simu" peke yake, kampuni ya simu za intaneti itasema yenyewe haina laini, na mahakama huenda ikakubaliana nayo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2008 iliweka wazi kwamba majimbo yanaweza kuzitoza simu za intaneti, mradi fedha hizo zitumike kwa 911. Itumie nafasi hiyo kwa kuzitaja waziwazi.

Panga miunganisho katika mafungu haya: simu za mkononi za malipo ya baada (bili huja mwisho wa mwezi), simu za waya, simu za intaneti, na malipo ya kabla (za vocha). La mwisho lina njia yake ya kukusanywa, kwa hiyo liweke pembeni kwanza.

Sasa mitego. Wa kwanza na mkubwa ni swichibodi za ofisi. Chukua jengo lenye simu 200 za mezani zinazotoka nje kupitia njia 23 tu, maana waya mmoja wa kidijitali wa mtindo wa Marekani hubeba mazungumzo 23 kwa wakati mmoja. Je, unatoza 200 au 23? Kwa dola 1.50 kwa mwezi, 200 ni dola 3,600 kwa mwaka. 23 ni dola 414. Jengo moja tu, na tofauti ni zaidi ya mara nane. Wilaya kadhaa za 911 zimefika mahakamani na kampuni za simu juu ya swali hili hili, kwa sababu sheria zao zilikaa kimya. Andika kimojawapo: kila namba, au kila njia inayoweza kupiga nje kwa wakati mmoja. Sisi tungechagua njia, kwa sababu ndicho kiwango cha juu cha simu ambazo jengo hilo linaweza kukuletea kwa mkupuo, na mwenye hoteli hatakuja kwenye kikao akiwa na wakili. Lakini lolote utakalochagua, usiache tupu.

Mtego wa pili ni laini zisizozungumza: mita za maji, vifaa vya kufuatilia magari, tableti za data tupu. Haziwezi kupiga 911, usizihesabu. Ukiziingiza kwenye makadirio utapata namba nzuri ya karatasini na mfuko usiojaa.

Wa tatu huwezi kuutoza, ila uujue. Kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, zinazitaka kampuni kupitisha simu ya 911 hata ikitoka kwenye simu isiyo na kifurushi wala akaunti. Simu kuukuu aliyopewa mtoto achezee bado inapiga 911, na inapiga kweli. Kituo kinabeba kazi hiyo bila senti.

Anwani nayo ina sheria zake. Simu ya mkononi haina makazi, kwa hiyo majimbo mengi hutumia mahali pa matumizi makuu: anwani ya mtaa ya nyumbani au kazini kwa mteja, na siyo sanduku la posta wala namba ya eneo. Mtu aliyehama kutoka Chicago kwenda Dallas akabaki na namba yake ya zamani anatakiwa kulipia Dallas. Sheria isiposema hivyo, fedha zitabaki kule alikotoka.

Kiwango sawa au asilimia?

California ndiyo darasa. Kwa miaka mingi ilitoza asilimia ya malipo ya mazungumzo ya ndani ya jimbo. Watu wakahamia kwenye ujumbe na data, sehemu ya bili iliyokuwa "mazungumzo" ikasinyaa, na mfuko ukasinyaa nayo ingawa simu za 911 hazikupungua. Kuanzia Januari 2020 jimbo likahamia kiwango sawa kwa kila laini, senti 30 mwanzoni, na sheria ikaweka dari ya senti 80.

Kwa hiyo kwa malipo ya baada, kiwango sawa ndicho kinachohimili. Ubaya wake ni kwamba mwenye kipato kidogo analipa sawa na tajiri, na mfumuko wa bei unakitafuna polepole. Weka dari ndani ya sheria, na uipe bodi ruhusa ya kupanda chini ya dari hiyo bila kurudi bungeni kila mara.

Msomaji wa Dar es Salaam atauliza kama hesabu hii inahamishika. Kwa kiwango sawa, hapana. Tanzania iliwahi kuweka kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini mwaka 2013, na haikudumu. Mahali ambapo mtu ana laini tatu kwa sababu kila kampuni ina bando lake la nafuu, tozo ya kila laini humpiga mtu mmoja mara tatu, na yeye huzitupa mbili. Ambapo karibu kila mtu yuko kwenye malipo ya kabla, njia ya kuanzia ni ile ya vocha, inayofuata hapa chini.

Malipo ya kabla: itoze kaunta

Hapa hakuna bili, hakuna jina, hakuna mwisho wa mwezi. Njia ambayo majimbo mengi yameifuata tangu karibu na mwaka 2009 ni kutoza kwenye kaunta ya duka, wakati wa kununua muda wa maongezi, kama kodi ya mauzo. Texas hukata asilimia 2 ya bei. Kwingine ni kiasi sawa kwa kila ununuzi.

Kiasi sawa kina kasoro iliyo wazi: anayenunua vocha ya dola 10 mara nne kwa mwezi analipa tozo nne, na anayenunua ya dola 40 mara moja analipa moja. Na anayenunua vidogovidogo ndiye mwenye mfuko mwembamba. Asilimia ni ya haki zaidi kwake. Kwa mhasibu, kiasi sawa ni rahisi kukagua. Chagua ukijua unamuumiza nani.

Mwenye duka mruhusu abaki na asilimia 2 au 3 ya alichokusanya, na umwelekeze aziwasilishe kwa ofisi ileile anayopeleka kodi ya mauzo, kwa fomu ileile, akijaza mstari mmoja zaidi. Ukimtengenezea fomu mpya na ofisi mpya, nusu ya maduka madogo hayatajua, na nusu nyingine yatasahau.

Manunuzi ya mtandaoni yataje kwa jina, yahesabiwe kwa anwani ya mnunuzi. Na simu za bure za Lifeline, mpango wa shirikisho wa kuwasaidia wenye kipato kidogo, hazipiti kaunta yoyote, kwa hiyo hazileti kitu. Usiziweke kwenye makadirio.

Jambo jingine linalorahisisha kaunta ni kiwango kimoja kwa jimbo zima. Tennessee ilifuta viwango tofauti vya wilaya zake na kuweka kimoja, dola 1.16, kuanzia Januari 2015. Kampuni na maduka yalibaki na namba moja ya kuingiza kwenye mashine.

Piga hesabu ya kiwango

Rudi kwenye kaunti yetu. Tuseme ina simu za mkononi za malipo ya baada 44,000, za waya 5,000, za intaneti 9,000. Jumla 58,000. Kwa dola 1.50 mara miezi 12 unapata 1,044,000. Toa asilimia 3 kwa gharama za kampuni na wasiolipa bili: zinabaki 1,012,680.

Wateja 12,000 wa malipo ya kabla, ununuzi mmoja kwa mwezi, dola 1.50: ni 216,000. Toa asilimia 3 ya maduka: 209,520. Jumla kuu ni 1,222,200.

Unahitaji 1,650,000. Pengo ni 427,800. Ukitaka tozo peke yake izibe, gawanya 1,650,000 kwa 1,222,200 kisha zidisha kwa 1.50: dola 2.03 hivi. Amua hapo hapo, kwa maandishi, kama pengo litazibwa na kiwango kipya au na bajeti ya kaunti. Sehemu nyingi tozo hufunika baadhi tu ya gharama, na kodi ya nyumba hubeba zilizobaki. Hakuna ubaya. Ubaya ni kuwaambia wakazi kwamba senti zao zinatosha, kisha kurudi baada ya mwaka.

Kaunti ndogo sana haitafika kwa hesabu hii, maana kiti kimoja kinataka watu watano hata kama usiku kinapokea simu tatu. Kama jimbo linagawa fedha kwa idadi ya watu pekee, omba kiasi cha chini kwa kila kituo kabla ya mgawo, au unganisha kituo na jirani.

Funga mfuko

Hapa ndipo wengi huanguka. Fedha zinakuja kila mwezi bila kelele na wanaozilipa hawazioni. Mwaka wa bajeti mbaya, macho yote huzielekea. Ripoti ya FCC kwa Bunge la Marekani ilionyesha kwamba mwaka 2019 majimbo matano, New York, New Jersey, Rhode Island, Nevada na West Virginia, yalielekeza zaidi ya dola milioni 200 za tozo hizi kwenye mambo mengine. Mwaka huo nchi nzima ilikusanya zaidi ya dola bilioni 3.

Bunge lilijibu mwishoni mwa 2020, na mwaka 2021 FCC ikatoa kanuni zinazotenganisha matumizi halali na haramu. Halali: jengo la kituo, mitambo ya kupokea simu, programu ya kuelekeza magari, mishahara na mafunzo ya wapokea simu, uendeshaji wa kituo, na kuunganisha mfumo wa 911 na ule wa kuwatuma waokoaji. Haramu: kuhamisha fedha kwenye mfuko mkuu kwa mambo yasiyo ya 911, kujenga mtandao wa kampuni binafsi za simu, na vifaa vya polisi au zimamoto visivyosaidia 911 moja kwa moja. Redio iliyo kwenye meza ya kituo inapita. Gari jipya la polisi halipiti, hata kama linaenda kuitikia simu ya 911. Hoja hiyo italetwa, na itakuwa na sauti nzuri. Jimbo linalochepusha hupoteza sifa ya kupata ruzuku ya shirikisho ya 911.

Kwa hiyo sheria yako iwe na haya: mfuko wenye jina lake na akaunti yake ya benki, sentensi inayosema salio la mwisho wa mwaka linabaki humo, riba inabaki humo, orodha ya matumizi inayonukuu kanuni za FCC. Kama tozo ina kazi zaidi ya moja, tuseme 911 na usalama kwa jumla, taja asilimia ya 911 ndani ya sheria na uitenge kwenye akaunti isiyochanganywa. Neno "usalama wa umma" likiachwa peke yake ni mlango usio na komeo.

Na akiba ya vifaa iite kwa jina la kifaa na mwaka: "mtambo wa kupokea simu, 2031". Akiba isiyo na jina ikifika dola laki sita huonekana kama ziada, na ziada huombwa.

Ukusanyaji na ukaguzi

Ipe kampuni ya simu siku 90 kabla ya kiwango kipya kuanza, na kianze siku ya kwanza ya robo mwaka. Programu za bili hazibadilishwi kwa usiku mmoja, na kiwango kinachoanza katikati ya mwezi huzaa bili za nusunusu ambazo hakuna atakayeweza kuzikagua.

Fomu ya kuwasilisha iwe na safu hizi kwa kila aina ya muunganisho: idadi iliyotozwa, idadi iliyosamehewa na sababu, kiasi kilichotozwa, kiasi kilichokusanywa, madeni yaliyofutwa, na kiasi ambacho kampuni imebaki nacho. Fomu yenye jumla moja tu ya dola haikuambii kitu. Sheria nyingi hudai kampuni ilete ilichokusanya, na si ilichotoza, kwa hiyo bila safu zote mbili hutajua pengo liko wapi. Andika pia mteja akilipa nusu ya bili, tozo inapata sehemu gani.

Kampuni zitasema idadi ya wateja ni siri ya biashara. Kubali kuitunza siri, lakini usikubali kutoipata. Weka haki ya ukaguzi kwa miaka mitatu nyuma, riba kwa ucheleweshaji, na ofisi moja yenye mamlaka ya kufungua vitabu.

Ukaguzi wa kwanza unaweza kuufanya bila mkaguzi. Chukua robo nne zilizopita za kila kampuni, ziweke kwenye jedwali, tazama idadi ya miunganisho. Simu za waya zinatakiwa kushuka taratibu. Idadi inayobaki ileile kabisa robo nne mfululizo ina maana mtu ananakili fomu ya zamani. Inayoanguka kwa theluthi moja ghafla ina maana mfumo wa bili umebadilishwa na msimbo wa kaunti yako umepotea. Wapigie wiki hiyohiyo. Kampuni ya simu za intaneti inayouza kwa hospitali na shule zako lakini haimo kwenye orodha kabisa, hiyo ndiyo ya kuandikiwa barua kwanza. Ili uzijue, omba idara ya manunuzi ya kaunti na wilaya ya shule orodha ya wanaowauzia huduma ya simu, uilinganishe na walioleta fomu.